Makampuni yakipunguziwa kodi, Kikula inapata nini?

Ukisimama kando ya barabara kubwa ya Likasi, mchana au usiku, utaona malori yakipita moja nyuma ya lingine, yamebeba shaba kutoka upande wa Kolwezi, yanaelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Ingia sasa ndani ya mtaa wa Kikula. Hapo utamkuta mama ameketi nyuma ya meza yake ya unga na nyanya. Amekwisha kulipa kodi ya soko, na bado hajauza hata meka moja.

Kati ya lori lile na meza hii kuna swali ambalo kijana mmoja aliuliza baada ya funzo la Biblia: "Papa mchungaji, kwenye redio wanasema Leta ikiwapunguzia kodi wenye makampuni na wenye mishahara mikubwa, watatia pesa nyingi zaidi, kazi zitakuja, na sisi wote tutapona. Ni kweli?"

Swali hili ni la haki. Halifai kujibiwa kwa hasira juu ya matajiri, wala kwa kurudia maneno ya wanasiasa. Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Katika miaka hamsini hivi, Katanga yetu imepitia karibu njia zote: kampuni ilikamuliwa bila huruma, kisha makampuni yakaachiliwa kodi kwa mikono miwili, kisha kodi ikapandishwa tena. Matokeo tumeyaona kwa macho.

Hoja ya wanaotaka kodi ishuke

Tuanze kwa kuwasikiliza vizuri. Wanasema hivi: mwenye mtaji anaangalia faida itakayobaki mkononi mwake baada ya kodi. Ikibaki kidogo, atapeleka mtaji wake pengine. Ikibaki nyingi, atajenga kiwanda, ataajiri watu, atanunua vitu kwa wafanyabiashara wa hapa. Hao nao wataajiri wengine. Mwishoni hata Serikali itapata zaidi, kwa sababu sehemu ndogo ya mkate mkubwa inapita sehemu kubwa ya mkate mdogo.

Hoja hii si ya kijinga, na historia ya Gécamines inaipa nguvu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Wazee wetu walisema kampuni ni baba na mama: ilitoa nyumba, shule, hospitali na unga wa bukari. Lakini Serikali ya wakati ule iliifanya kuwa mfuko wake. Pesa zilichukuliwa kabla ya mashine kutengenezwa na kabla ya vipuri kununuliwa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Ng'ombe akikamuliwa kila siku bila kulishwa, siku moja hatasimama tena.

Likasi ililipa gharama ya kosa hilo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mwisho na kwenda nyumbani. Jambo hilo liliitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Familia nyingi za Likasi zinajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Kwa hiyo anayesema kwamba Serikali ikinyang'anya kila kitu uchumi unakufa, anasema kweli. Ila kutoka hapo haimaanishi kwamba Serikali ikiachilia kila kitu uchumi utafufuka. Hiyo ni hoja nyingine, nayo tumeijaribu vilevile.

Mwaka 2002: mlango ulifunguliwa wazi

Tarehe 11 Julai 2002, nchi ikiwa bado katika vita, Rais Joseph Kabila alitia sahihi Sheria ya Madini mpya. Ilitungwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na shabaha yake ilikuwa kuwavuta wawekezaji. Mrabaha wa shaba, ile ambayo ofisini wanaiita redevance minière, uliwekwa 2% tu. Ushuru wa vifaa vya mgodi vinavyoingizwa nchini ulikuwa 2% wakati wa kujenga na 5% wakati wa kuchimba. Wenye migodi waliahidiwa kwamba sheria ikibadilishwa, mabadiliko hayatawagusa kwa miaka 10.

Wenye mishahara mikubwa nao hawakusahauliwa. Kodi ya pekee juu ya mishahara ya wageni, inayolipwa na mwajiri, kwa kawaida ni 25%. Kwa makampuni ya migodi ilikuwa 10%.

Je, makampuni yalikuja? Ndiyo, yalikuja. Tusiseme uongo. Mwaka 2014 nchi yetu ilitoa karibu tani milioni moja za shaba, mara mbili ya kilele cha Gécamines. Mtu akisimama hapo atasema: mnaona, kodi ndogo imeleta ukuaji.

Lakini angalia jambo moja. Mwaka 2003 bei ya shaba duniani ilikuwa chini ya dola 2,000 kwa tani. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ilipita dola 10,000. China ilikuwa inajenga miji, viwanda na nyaya za umeme, nayo ilihitaji shaba yote iliyopatikana. Basi kipi kilileta makampuni: kodi ya 2%, au bei iliyopanda mara tano?

Mwaka 2008 unatusaidia kujibu. Mwishoni mwa mwaka huo bei ilianguka mpaka karibu dola 3,000. Sheria ilikuwa ile ile na kodi ilikuwa ndogo vile vile. Pamoja na hayo, viwanda vingi vidogo vya kuyeyusha madini katika Katanga vilifungwa, na wenye kampuni wengine waliondoka bila hata kuwalipa wafanyakazi. Wachimbaji wa mikono walikosa mnunuzi. Kodi ndogo haikuwazuia kuondoka, kwa sababu si yenyewe iliyowaleta.

Mwaka 2018: kodi ilipanda, nao wakabaki

Jaribio la pili lilikuja miaka kumi baadaye. Tarehe 9 Machi 2018 sheria ilibadilishwa. Mrabaha wa shaba ulipanda kutoka 2% kufika 3.5%. Madini yatakayotangazwa kuwa ya mkakati yaliwekewa 10%, na mwisho wa mwaka ule kobalti ikaingizwa humo. Faida ya ziada, inayopatikana bei ikipanda kupita kiasi kilichotazamiwa, iliwekewa kodi ya 50%. Hisa ambayo Serikali inapata bure katika kila mgodi mpya ilitoka 5% ikawa 10%. Na ile ahadi ya miaka 10 ikapunguzwa kuwa 5.

Makampuni makubwa yalipinga kwa nguvu. Glencore, Ivanhoe, Randgold na mengine yalimwendea Rais mwenyewe, kisha yakajiondoa katika FEC, chama cha wafanyabiashara wa Kongo. Walionya kwamba uwekezaji utakufa.

Ulikufa? Mei 2021 mgodi wa Kamoa-Kakula, ambao Ivanhoe ni mmoja wa wenye nao, ulianza kutoa shaba karibu na Kolwezi, na leo ni kati ya migodi mikubwa ya shaba duniani. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, yaani mara tatu ya mwaka 2014, chini ya kodi iliyo kubwa zaidi. Sababu ni ile ile: bei ilikuwa imepita tena dola 10,000 mwaka 2021, na dunia inatafuta shaba na kobalti kwa ajili ya magari ya umeme.

Mtu mwenye haki ataleta mapingamizi mawili hapa, na tuyakubali. La kwanza, mengi ya migodi hiyo yalikuwa yamekwisha kutiwa pesa kabla ya 2018. Mtu aliyekwisha kujenga nusu ya nyumba haiachi kwa sababu bei ya bati imepanda. La pili, mwaka 2019 Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda, na kati ya sababu ilizotaja, pamoja na bei ya kobalti iliyoanguka, kulikuwa na kodi mpya. Watu walikosa kazi. Baadaye mgodi ulifunguliwa tena, bei ilipokuwa nzuri, sheria ikiwa ile ile.

Jirani zetu wa Zambia wanatufundisha upande mwingine. Januari 2015 walipandisha mrabaha wa migodi ya wazi mpaka 20%. Barrick ilitangaza kwamba itasimamisha mgodi wa Lumwana, na miezi michache baadaye Serikali ya Lusaka ikashusha kiwango kuwa 9%. Mwaka 2022 Zambia ililegeza tena kodi ya migodi, na mwaka huo huo First Quantum ikakubali kutia zaidi ya dola bilioni 1.2 kupanua mgodi wa Kansanshi. Kwa hiyo kodi si kitu bure. Kupita kiasi fulani inaua. Lakini kutoka 2% kwenda 3.5%, sisi hatukufika huko.

Shaba haina miguu

Kwa nini kodi ndogo inasaidia kidogo tu kwetu? Kwa sababu shaba haina miguu. Mwenye kiwanda cha mashati anaweza kuchagua kati ya Nairobi, Addis Ababa na Dar es Salaam. Ukimpandishia kodi, anafunga mashine zake na kuondoka. Mwenye mgodi hawezi kuhamisha udongo wa Kolwezi wala wa Kambove. Anayetaka shaba hii lazima aje hapa.

Akija, anauliza nini kwanza? Anauliza juu ya mawe yaliyo chini, bei, usalama, barabara na umeme. Angalia bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, si mbali na sisi. Ni la zamani, tangu wakati wa Wabelgiji, na mashine zake zilikuwa zimechoka. Waliogharimia ukarabati ni wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, na mwaka 2021 bwawa likarudi kutoa megawati 78. Pesa ile ilikuwa mkopo kwa SNEL, unaolipwa kwa kukatwa kwenye bili ya umeme wa mgodi. Kampuni haitoi mamilioni ya dola kutengeneza bwawa la mwingine kama umeme ni jambo dogo kwake. Umeme unapungua, mgodi unasimama. Kodi ikipanda kidogo, faida inapungua tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Wataalamu wa mashirika makubwa wamefika mahali hapo hapo. Mwaka 2015 IMF, Benki ya Dunia, OECD na Umoja wa Mataifa waliandikia nchi za G20 ripoti ya pamoja juu ya misamaha ya kodi katika nchi maskini. Waliona kwamba wawekezaji wenyewe wakiulizwa, msamaha wa kodi hauko juu katika orodha ya mambo wanayotafuta, na kwamba mara nyingi wangekuja hata bila msamaha. Katika hali hiyo Serikali imempa mtu zawadi ili afanye jambo ambalo tayari alikuwa amekusudia kulifanya.

Hata kwa nchi tajiri jibu halibadiliki sana. Marekani mwishoni mwa mwaka 2017 ilishusha kodi ya makampuni kutoka 35% mpaka 21%. Waliotetea sheria ile waliahidi kwamba kipato cha kila familia kitapanda angalau dola 4,000 kwa mwaka. Wachumi waliochunguza matokeo na kuandika mwaka 2024 waliona kwamba makampuni yaliongeza uwekezaji kweli, lakini faida kwa mfanyakazi ilikuwa karibu dola 750 kwa mwaka, na hazina ya Serikali ilipoteza pesa nyingi zisizorudi. Kuhusu kodi za matajiri wenyewe, watafiti wawili, Hope na Limberg, walilinganisha nchi tajiri 18 katika muda wa miaka 50. Nchi zilizopunguza kodi za matajiri ziliona matajiri wakitajirika zaidi. Ukuaji wa uchumi na ajira havikutofautiana na vya nchi ambazo hazikupunguza.

Nani analipa kilichosamehewa?

Hapa ndipo jambo linagusa meza ya yule mama wa Kikula. Kodi iliyosamehewa haipotei hewani. Ama inalipwa na mtu mwingine, ama kazi ambayo ingefanywa nayo haifanyiki.

Mfano mkubwa ni Sicomines, kampuni ya Wachina na Gécamines huko Kolwezi. Mapatano yake yalitiwa sahihi mwaka 2008: shaba kwa barabara na hospitali. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria iliyosamehe kodi na ushuru kwa mapatano ya namna hiyo. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa hesabu yake: makampuni ya Kichina yamepata karibu dola bilioni 10, nayo nchi imepata miundombinu ya dola milioni 822. Wachina walikataa hesabu hiyo. Lakini Machi 2024 pande zote mbili zilikaa tena mezani na kukubaliana dola bilioni 7 za miundombinu, karibu milioni 324 kwa mwaka, bei ya shaba ikiwa nzuri. Kumbe pesa zilikuwepo, na kampuni haikukimbia ilipoombwa zaidi. Ila msamaha wa kodi uliachwa palepale.

Kwa upande mwingine, tangu Septemba 2019 Serikali imeahidi masomo ya msingi bila malipo, kama Katiba inavyotaka. Shule zetu za Kiprotestanti zilijaa watoto. Hilo ni jambo jema mbele za Mungu. Lakini walimu wengi walibaki kusubiri kuandikwa kwenye orodha ya malipo, na wazazi wengine wakarudishwa kutoa pesa kwa mlango wa nyuma. Mwalimu asiyelipwa na hazina atalipwa na mzazi, au atauza makala jioni, au ataacha kufundisha. Hiyo nayo ni kodi, ijapokuwa haina karatasi ya risiti, na inawaangukia walio na kidogo.

Tufanye hesabu ndogo, ya sokoni. Tani moja ya shaba ikiuzwa dola 9,000, mrabaha wa 2% ni dola 180. Mrabaha wa 3.5% ni dola 315. Katika hizo 315, sheria inatoa 50% kwa Serikali ya kati, yaani dola 157.5, 25% kwa jimbo, dola 78.75; 15% kwa mji, mtaa, sekta au usultani wenye mgodi, dola 47.25; na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN, dola 31.5. Tofauti ya dola 135 kwa tani moja yaonekana ndogo. Kwa tani milioni 3 inakuwa zaidi ya dola milioni 400 kila mwaka. Hiyo ni mishahara ya walimu wengi.

Jambo la maana zaidi katika sheria ya 2018 si asilimia peke yake. Zamani ile 15% ilipitia Kinshasa, na mara nyingi haikurudi. Sasa kampuni inapaswa kulipa moja kwa moja kwa kila ngazi. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi, na kuandika pamoja nao mapatano ya kazi itakazofanya.

Ukuaji bila mkate

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Kodi ikipanda, haifuati kwamba Kikula itapata maji na shule. Mwaka 2022 na 2023 uchumi wa nchi ulikua zaidi ya 8% kila mwaka, kiwango ambacho nchi nyingi zinatamani. Hata hivyo Benki ya Dunia ilihesabu kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongo 7 katika 10 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Migodi ya sasa inachimba kwa mashine kubwa. Haichukui watu kama Gécamines ya wazee wetu. Kwa hiyo njia kubwa ambayo utajiri wa mgodi unaweza kutufikia sisi tusiofanya kazi ndani yake ni kodi. Na kodi ikiliwa njiani, hatufikiwi na kitu.

Ndiyo sababu watu wengine wanasema: "Afadhali kampuni ibaki na pesa yake, kwa maana Leta itaila tu." Maneno haya yanasikika sana, na uchungu ulio ndani yake tunauelewa. Lakini mwizi akiingia ghalani, hatuchomi ghala, tunatafuta mlinzi. Kusamehe kodi kwa sababu maofisa wanaiba ni kumwadhibu mtoto wa shule kwa kosa la ofisa.

Neno la Mungu na kazi ya kanisa

Biblia haitufundishi kuchukia kodi. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa (Luka 3). Yusufu huko Misri alikusanya sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, akaiweka, na njaa ilipokuja ghala zilikuwa na chakula (Mwanzo 41). Mfuko wetu wa vizazi vijavyo una wazo lile lile: shaba itakwisha siku moja, na watoto watatuuliza tuliweka nini. Naye Nehemia aliwakuta watu wameweka mashamba yao rehani ili walipe kodi ya mfalme, huku wakubwa wakizidi kutajirika. Aliwakemea wakubwa mbele ya mkutano, na yeye mwenyewe, akiwa liwali, alikataa kula posho yake kwa miaka kumi na miwili (Nehemia 5). Katika mifano yote mitatu swali si kodi iwepo au isiwepo. Swali ni nani anaibeba, na inakwenda wapi.

Basi kijana wetu wa Kikula tumjibu nini? Tumwambie hivi: kupunguzia kodi makampuni na matajiri kunaweza kusaidia mahali ambapo kodi ilikuwa imepita kiasi, au mahali ambapo mtaji unaweza kuchagua nchi nyingine. Kwa shaba yetu, imesaidia kidogo, na imetugharimu sana. Anayeomba msamaha wa kodi leo, awe Mchina, Mmarekani au Mkongo, tumwombe kwanza atuonyeshe kazi ngapi ataleta, msamaha utakwisha mwaka gani, na nani atahesabu. Msamaha usio na tarehe ya mwisho ni zawadi, na wanaoitoa ni watoto wetu.

Sisi kama makanisa tunaweza kufanya mambo madogo yenye nguvu. Ripoti za ITIE, ambazo zinaonyesha kila kampuni imelipa nini na nani amepokea, ziko wazi kwa kila mtu. Vijana wetu wenye kusoma Kifaransa wanaweza kuzifungua na kutufasiria kwa Kiswahili siku ya mkutano. Wazee wa kanisa wanaweza kumwendea burgumestri kwa heshima na kuomba bajeti ya mtaa. Na mkristo aliye ofisi ya kodi, au kampuni ya madini, akumbuke kwamba Bwana anaiona risiti yake kama anavyoiona sadaka yake.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mtaa au kijiji chenu, nani analipa kodi kila siku, na nani hamjawahi kumwona akilipa? Mnajuaje?

2. Soma Nehemia 5. Nehemia aliacha haki gani yake mwenyewe kabla ya kuwaomba wengine waache? Viongozi wa kanisa letu wanaweza kuacha nini?

3. Kama mji wenu ungepokea sehemu yake ya mrabaha mwaka huu, ni kazi gani moja mngeomba ifanywe kwanza, na ni nani kati yenu angeifuatilia mpaka mwisho?